Si nyama, ni ndimu uliyoikamulia

Wiki hii nimeambiwa neno lile lile na wagonjwa watatu, kila mmoja kwa siku yake. "Nyama nimeiwata kabisa, na kibofu bado kinanichoma." Wa tatu ni mama wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, ambaye kibofu kinamsumbua mwaka wa tatu sasa. Mkojo wake umeoteshwa maabara mara nne na hakuna mdudu aliyeota. Kichocho kimepimwa, kisukari kimepimwa, mawe yametafutwa hayakuonekana. Daktari alishamwambia ni intastishali sistaitisi, yaani maumivu sugu ya kibofu yasiyotokana na maambukizi. Kisha dada yake wa Nairobi akamtumia video ya mtu anayedai amepona kwa kula mimea tupu, hawa wanaojiita vegani, na tangu siku hiyo hakugusa nyama, samaki, yai wala maziwa. Miezi mitatu.

Nikamuomba anitajie alichokula jana yake. Alfajiri maji moto ya ndimu, kabla ya kitu chochote. Chai ya rangi yenye tangawizi, na mahamri. Mchana mbaazi za nazi na kachumbari. Alasiri viazi karai na ukwaju. Usiku wali na mchuzi wa soya uliokolezwa nyanya ya kopo. Chai, ukijumlisha kutwa nzima, vikombe vitano.

"Mamangu," nikamwambia, "nyama haimo kweli, lakini kila kinachokichokoza kibofu kimo."

Basi naandika, kwa sababu nimechoka kulisema hili kwa mtu mmoja mmoja huku mia wengine wanatumiana video.

Dhana: Nyama hutia asidi kwenye mkojo, na asidi ndiyo inayochoma. Ukila mimea tu, mkojo unakuwa alkali, yaani kinyume cha asidi, na kibofu kinapona.

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa kuwa nusu yake ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayowapoteza watu.

Kweli yake ni hii: nyama, samaki na mayai vina salfa ndani ya protini zake, na mwili ukishazitumia, figo hutoa asidi kidogo kupitia mkojo. Mkojo wa mla mboga kwa kawaida huwa na asidi pungufu kuliko wa mla nyama. Hapo hatubishani. Mkojo wa mtu mzima wa afya huweza kuwa popote kati ya pH 4.5 na 8 (pH ni kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni nyingi), na figo hupandisha na kushusha kutwa nzima.

Sasa iangalie ndimu. Mdomoni ni kali, lakini sitreti yake, yaani ile asidi ya ndimu, mwili huigeuza, na matokeo yake mkojo huelekea upande wa alkali. Wenye video wanalijua hili, ndiyo maana wanaisifu. Lakini muulize mgonjwa yeyote wa maradhi haya akutajie vitu vinavyomuumiza: ndimu, malimau na machungwa yatakuja mwanzo mwanzo, pamoja na kahawa, chai, nyanya, pilipili, soda, pombe na sukari za bandia. Nyama isiyotiwa kitu haitajwi mara nyingi. Kwa hiyo kile kinachotia mkojo asidi wengi wanakivumilia, na kile kinachoupunguzia asidi kinawachoma. Nadharia ya asidi na alkali imeanguka hapo hapo.

Na watafiti walishalijaribu moja kwa moja. Wanawake wenye ugonjwa huu waliwekewa kibofuni maji yenye asidi ya kiwango cha mkojo, na mara nyingine maji yasiyo na asidi, bila kuambiwa yapi ni yapi. Maumivu hayakutofautiana.

Kinachozungumzwa zaidi na madaktari ni ule utando laini unaofunika ukuta wa kibofu kwa ndani. Kwa baadhi ya wagonjwa umepungua nguvu, na vitu vilivyomo kwenye mkojo, madini ya potasiamu yakiwemo, hupenya na kuchokoza mishipa ya fahamu iliyo chini yake. Tena potasiamu imejaa kwenye mimea: nyanya, ndizi, machungwa, maharagwe. Sisemi hivyo ili uogope ndizi. Nasema ili uone kwamba kibofu hakiulizi kama chakula kimetoka shambani au bandani.

Lakini mbona watu wanakula nyama na wanaumia? Wanaumia kweli, siwakatalii. Kila mwaka baada ya Maulidi naletewa kesi hizi, na wote wanasema ni nyama ya biriani. Hebu tuifunue sufuria. Nyanya mbichi, nyanya ya kopo, mtindi, pilipili, tangawizi, ndimu, na pembeni kachumbari na achari ya embe. Nyama ndiyo kitu kipole kuliko vyote humo ndani. Au mishkaki ya jioni pale ufuoni. Nimesimama nikamtazama muuzaji akitayarisha: vipande vya nyama vimelala tangu asubuhi kwenye papai bichi, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili ya kusaga na ndimu nne kwa beseni moja. Vikishaiva anavimwagia ukwaju. Mteja anarudi nyumbani, usiku anaamka mara nane, asubuhi anaapa hatakula nyama tena. Na asubuhi hiyo hiyo anaanza na maji ya ndimu ili ajisafishe.

Nyama ya kuiepuka ipo, naitaja bila kuzunguka: soseji, smoki, salami, nyama ya kopo, na mchuzi wowote uliotegemea viungo vya pakiti. Hizo zina chumvi za kuhifadhia na vikolezo ambavyo wagonjwa wengi wanavilalamikia. Lakini mbuzi aliyechemshwa kwa chumvi na kitunguu, au kuku wa tui, ni habari nyingine kabisa.

Mama wa Langoni tulimrudisha kwenye chakula kisicho na makali kwa wiki tatu. Wali, viazi vitamu, boga, uji wa mchele, matango, tikiti maji, peasi akizipata. Tafi wa kuchemsha kwa tui, bila ndimu. Aliponiuliza samaki ataliwaje bila ndimu nilimwambia atumie chumvi, kitunguu kilichoiva na dania, na tui zito la nazi aliyoikuna mwenyewe. (Tui la mkebe lisomwe kwanza kibandiko, mengine yametiwa vihifadhi.) Baada ya hapo tukarudisha kitu kimoja kila baada ya siku tatu, naye akiandika kwenye daftari: amekula nini, saa ngapi, ameenda haja ndogo mara ngapi usiku. Nyama ya mbuzi ilirudi, hakuna kilichotokea. Maharagwe yalirudi salama. Chai kikombe kimoja, akaamka mara tano. Kijiko kimoja cha ukwaju, akakesha.

Hilo daftari ndilo dawa yangu, na sitaacha kulipigia debe. Orodha ya vyakula vibaya unayoikuta popote ni mwanzo tu, kwa sababu wagonjwa hawafanani. Nina mgonjwa asiyeweza kabisa nyanya lakini anakunywa kahawa tungu asubuhi bila shida. Ukifuata orodha nzima maisha yako yote utakonda bure. Jaribu, andika, kisha rudisha kila kisichokuumiza.

Dhana: Kwa hiyo chakula cha mimea tupu ni kibaya kwa mgonjwa wa kibofu.

Sikusema hivyo. Ukitaka kuacha nyama kwa sababu zako, acha, nami nitakusaidia kwa moyo mmoja. Ila kuna mitego minne, na bora uijue kabla.

Wa kwanza ni soya. Vipande vya soya na mchuzi wa soya ndivyo watu hukimbilia, na kwa baadhi ya wagonjwa soya huamsha maumivu. Ijaribu kama kitu kingine chochote, kwa daftari. Mbaazi, kunde na pojo kwa wengi hupita vizuri, mradi zimepikwa kwa tui na si kwa nyanya.

Wa pili ni madini ya chuma, na hapa ndipo ninapowahurumia hasa. Chuma cha maharagwe na mchicha hakifyonzwi kwa wepesi kama cha nyama. Ushauri tunaowapa watu wote ni kula kitu chenye vitamini C pamoja nacho: kamulia ndimu, kata nyanya. Mgonjwa wa kibofu hawezi. Na hapo hapo anashushia kwa chai, ambayo huzuia chuma kisifyonzwe. Mama yule damu (hemoglobini) ilikuwa imeshuka hadi 9, chini ya kawaida, nilipompima, na alikuwa akidhani uchovu ule ni wa kibofu. Njia ipo: kabichi iliyopikwa kidogo tu ina vitamini C, papai lililoiva pia kwa wanaolivumilia, na chai isogezwe mbali na chakula. Kama kibofu hakiiwezi, iondoke kabisa.

Wa tatu ni vitamini B12. Mimea haina. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo upungufu huja taratibu, na ganzi ya miguu huenda ikawa dalili ya kwanza. Asiyekula kabisa kitu cha mnyama lazima anywe vidonge, na huo si udhaifu wa imani yake.

Wa nne unatokana na huo wa tatu. Vile vidonge vikubwa vya vitamini vya kuyeyusha majini, vinavyotoa povu, vimetiwa asidi ya sitriki na vitamini C nyingi. Watu wanavinywa kwa nia njema na kibofu kinawaka. Nunua B12 peke yake, ya kumeza.

Dhana: Bila nyama na supu mgonjwa hapati nguvu ya kupona.

Hii ni ya bibi zetu, na naiheshimu, lakini si kweli. Mwili unataka protini, nayo ipo kwenye samaki, mayai, kunde na mbaazi pia. Na ile supu ya kichwa wanayowaletea wagonjwa imekolezwa pilipili manga na ndimu. Bibi, mpikie supu yake bila hivyo.

Dhana: Kunywa maji kidogo, utaenda haja ndogo mara chache.

Huenda ukaenda mara zile zile, tena kwa maumivu zaidi, kwa sababu mkojo uliokolea huchokoza. Nawaelewa wanaofanya hivi. Safari ya mashua hadi Mokowe kisha basi la Mombasa, mwanamke anajua hatapata pa kujisitiri njiani, anaamka bila kunywa tone. Kunywa kidogo kidogo tangu usiku wa kuamkia safari, chagua kiti cha mbele, na mwambie dereva mapema kuwa unaumwa. Wengi husimama.

Ramadhani pia. Siku nzima ya jua la hapa bila maji, kisha futari inafunguliwa kwa juisi ya ukwaju au bungo. Fungua kwa tende na maji, kisha endelea na maji hadi daku. Na ukiona kila mwaka mwezi huu unakulaza kitandani, zungumza na daktari wako na sheikh wako. Ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye dini.

Dhana: Juisi ya kranberi ni dawa ya kibofu.

Inazungumzwa kwa wanaopata maambukizi ya mara kwa mara. Wewe huna maambukizi. Ni kali, na ni ghali. Acha.

Dhana: Chakula sahihi kitaniponya kabisa.

Chakula hupunguza makali na kurefusha siku za nafuu. Si tiba ya kung'oa mzizi, na anayekuahidi hivyo, awe na nyama au na mboga, anakuuzia kitu. Ugonjwa huu huja na kuondoka. Wengine wanahitaji dawa, wengine mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga na mtaalamu anayejua, na wachache wana vidonda vya Hunner ndani ya kibofu, vilivyoelezwa na daktari Guy Hunner huko Marekani mwaka 1915, ambavyo hutibiwa na daktari wa mkojo kwa njia zake. Ukiliachia daftari kazi hiyo unajichelewesha.

Na antibiotiki usijinunulie dukani kila maumivu yakirudi. Omba mkojo uoteshwe kwanza. Kama hakuna kilichoota, dawa ile haina cha kuua.

Jambo moja tu silitaki mezani kwangu. Ukiona damu kwenye mkojo, usije kuniuliza chakula gani cha kuacha. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, hasa kama umekulia bara kwenye mito na mabwawa, kwa sababu kichocho bado kipo ukanda huu, na kikikaa miaka bila kutibiwa kinaweza kuleta saratani ya kibofu.