Wiki ya tatu tunagombana kuhusu Kinjikitile

Kinjikitile ndo yule mganga wa Vita vya Maji Maji aliyewapa watu dawa ya maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Kwenye lekcha hakuna ugomvi, ukumbi umejaa kama daladala ya Mbagala jioni, wengine wamekaa kwenye ngazi, nani atagombana na nani. Ugomvi unakuja semina, wanafunzi wako ishirini tu, na kila mwaka lazima mmoja aseme: "Sasa mwalimu, si watu walikufa? Risasi hazikugeuka maji, kwa hiyo Kinjikitile alikuwa tapeli, tuendelee." Nusu wanacheka. Mmoja wa kutoka Kilwa kanuna.

Mi nafundisha historia ya dini hapa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hilo swali ndo kozi yenyewe. Kama pepo Hongo alimwingia kweli Kinjikitile kule kwake Ngarambe au la, mwanahistoria hana kipimo cha kujulia. Tunachoweza kuuliza ni hivi, ilikuwaje watu wa makabila tofauti, hakuna simu hakuna redio, kuanzia Umatumbi mpaka Ungoni wakakubali dawa moja ndani ya miezi michache tu? Wamatumbi walikuwa na neno, njwiywila, habari ya kunong'onezana mtu kwa mtu. Na dawa ya maji haikuwa kitu kigeni, watu walishazoea zindiko, yaani dawa ya kinga, la shamba na la mwili, sasa ukishalimishwa pamba ya serikali kwa lazima, zindiko lako litaelekezwa wapi? Watu waling'oa pamba hiyo Nandete, Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, na Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Mohoro tarehe 4 Agosti, yaani vita vyenyewe ndo kwanza vinaanza na viliendelea bila yeye mpaka 1907. Tapeli gani huyo.

Halafu nawauliza, haya mmeyajua kwa nani? Hapo wanakuwa kimya. Gavana wa Wajerumani, von Götzen, alipenda kusema ni uchawi, maana akisema ni pamba na kodi anajishtaki mwenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo hikihiki walitumwa likizo kwenda kuwarekodi wazee, kazi nzuri sana, ila nchi ilikuwa changa na kila mtu alitaka kusikia umoja. Baadaye wanahistoria akina Thaddeus Sunseri na Jamie Monson wakaja kuuliza mbona sehemu nyingine ilikuwa ugomvi wa majirani tu, na mbona Kinjikitile kapewa ukubwa wote ule. Mi binafsi naona wamekaza kidogo, lakini swali ni halali.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kilichofuata. Songea, Februari 1906, kabla ya kunyongwa na Wajerumani, baadhi ya wakubwa wa Wangoni walibatizwa na padri Mbenediktini, na misheni ya Peramiho ilikuwa imechomwa miezi michache tu nyuma! Na huko bara, nyuma ya Kilwa na Lindi, Uislamu ukaenea kwa kasi baada ya vita. Maji yaliposhindwa watu hawakuacha dini bwana, walitafuta nyingine yenye nguvu, na wengine walichanganya tu wala hawakuona tatizo.

Mwaka juzi yule aliyenuna alirudi likizo na rekodi ya bibi yake kwenye simu, dakika arobaini, jogoo anawika nyuma. Anamuuliza, bibi, yale maji yalifanya kazi? Bibi anacheka, anasema babu yangu si alirudi. Kijana akaniletea kwa furaha kama kapata jibu la semina nzima. Nikamwambia vizuri, sasa andika na nani mwingine alikuwepo hapo barazani. Akakuna kichwa, kumbe mjomba wake shehe alikuwa amekaa pembeni muda wote, na dakika ya kumi na mbili ukisikiliza vizuri bibi anashusha sauti.