Soma anwani ya tovuti kabla hujabofya

Matokeo ya Kidato cha Nne yakikaribia kutangazwa, makundi ya WhatsApp ya familia hujaa viungo. "Bofya hapa uone matokeo." Baadhi hufika kweli kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania, vingine huishia kwenye matangazo, na vingine humtaka mzazi aandike namba ya simu na neno la siri. Anayejua kusoma anwani huvitofautisha mara moja. Asiyejua hubaki kumwamini aliyemtumia, ambaye naye katumiwa na mwingine. Ndiyo maana kwa anayeanza kujifunza mambo ya intaneti, naona maneno yanayohusu anwani yatangulie mengine yote.

Tutenganishe kwanza intaneti na wavuti, maana wengi huyatumia maneno haya kama kitu kimoja. Intaneti ni mtandao wenyewe: minara, nyaya, ruta, na mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009 na ule wa EASSy mwaka 2010, na yote miwili inatia nanga Dar es Salaam. Kabla ya mikongo ya aina hii, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, huduma ghali na ya polepole. Mikongo hiyo miwili ilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota Tanzania na nchi za jirani, hata kwa mtu mwenye simu nzima na bando la kutosha.

Wavuti ni huduma moja tu kati ya nyingi zinazopita kwenye intaneti. Aliyeibuni ni Tim Berners-Lee, mwaka 1989, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka 1993 CERN ikaruhusu yeyote aitumie bila malipo, uamuzi ambao mpaka leo tunaufaidi sote. Barua pepe na WhatsApp nazo husafiri kwenye intaneti hiyohiyo. Tovuti ni mkusanyo wa kurasa, kurasa hizo hukaa kwenye seva, yaani kompyuta inayowashwa saa zote ili kujibu maombi, na kivinjari ndiyo programu inayoziomba na kukuonyesha: Chrome, Firefox, Safari, Opera Mini. Google unayotafutia habari si kivinjari, ni injini ya kutafutia. Tofauti hii ina uzito wake. Ukiandika jina la taasisi kwenye Google, kinachotokea juu kabisa kinaweza kuwa tangazo lililolipiwa na mtu mwingine. Ukiandika anwani kamili kwenye kivinjari, unakwenda moja kwa moja.

Kila seva hufikiwa kwa namba, nayo huitwa anwani ya IP. Namba za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3, na kwa kuwa hazitoshi dunia nzima, mfumo mpya wa IPv6 umeletwa. Hakuna anayezikariri. Kama ambavyo simu yako humpigia mama ukigusa jina lake bila wewe kukumbuka namba, mfumo uitwao DNS hupokea jina la tovuti na kurudisha namba ya seva. Jina hilo ndilo kikoa.

Kikoa husomwa kuanzia kulia. Chukua www.necta.go.tz. Herufi "tz" ni za Tanzania, kama "ke" ilivyo ya Kenya. Sehemu ya "go" ni ya serikali. Mtu binafsi hawezi kujisajilia. Vyuo hutumia "ac" na biashara hutumia "co", ingawa "co.tz" huweza kusajiliwa na watu wa kila namna, kwa hiyo peke yake haithibitishi lolote. Halafu ndiyo "necta", jina la taasisi, yaani Baraza la Mitihani. Kinachokuja kushoto zaidi, iwe "www" au "matokeo", ni chochote ambacho mwenye kikoa ameamua kukiweka.

Hapo ndipo matapeli hujificha. Tuseme umetumiwa necta.go.tz.jinalolote.com. Jicho linakamata "necta.go.tz" na moyo unatulia, lakini ukianzia kulia utaona mwenye tovuti ni jinalolote.com, na yale ya mwanzo ameyabandika tu. Fanya hivi: baada ya https:// tafuta mkwaju (/) wa kwanza, kisha soma ukirudi kushoto. Yaliyo baada ya mkwaju huo ni majina ya kurasa, na mtu yeyote anaweza kuita ukurasa wake "necta" au "benki".

Hiyo "https" ina maana kwamba mawasiliano kati ya kivinjari chako na seva yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa maandishi ya siri, hivyo mtu aliye katikati, kwa mfano kwenye Wi-Fi ya bure ya hotelini, hawezi kuyasoma. Ni kinga muhimu, ila haikuambii mwenye seva ni nani. Vyeti vinavyoiwezesha tovuti kusimba hivyo siku hizi hupatikana bure, na tapeli naye anavyo. Chrome iliiondoa alama ya kufuli pembeni mwa anwani mwaka 2023 kwa sababu watu waliichukulia kuwa ni uthibitisho wa uaminifu. Nawasihi sana wanaofundisha wazazi wao kutumia simu waache kuwaambia "ukiona kufuli, ni salama".

Kwenye simu, bonyeza kiungo bila kuachia na anwani kamili itajitokeza kabla hujaifungua. Kama umekwisha kuandika neno la siri mahali usipopaamini, libadilishe sasa hivi, na popote pengine ulipolitumia. Kama ni PIN ya pesa za simu, ibadilishe, kisha upige huduma kwa wateja wa mtandao wako. Ujumbe wa kitapeli uliokuja kwa SMS, kwa aliyeko Tanzania, utumwe kwenda 15040.