Je, wajua kwa nini muuguzi hunawa mikono zaidi kwa ajili ya mgonjwa kuliko kwa ajili yake mwenyewe?

Katika hospitali moja ya Marekani, watafiti Adam Grant na David Hofmann walibandika karatasi juu ya vyombo vya sabuni na vya kitakasa mikono, pale wanapopita madaktari na wauguzi wakiingia na kutoka wodini. Karatasi moja ilieleza kuwa usafi wa mikono hukukinga wewe usipate maradhi. Ya pili ilikuwa na maneno yaleyale, isipokuwa neno moja: usafi wa mikono huwakinga wagonjwa wasipate maradhi. Ya tatu ilikumbusha tu watu wanawe, bila kutaja faida ya mtu yeyote. Sabuni ilipimwa uzito siku ya kwanza, ikapimwa tena baada ya wiki mbili ili ijulikane imetumika kiasi gani.

Karatasi iliyomtaja mgonjwa iliongeza matumizi ya sabuni na kitakasa kwa takriban theluthi moja. Ile iliyomwambia muuguzi ajikinge mwenyewe haikubadili kitu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na kila nikiyafikiria naona yanakwenda kinyume na jinsi wengi wetu tunavyoamini binadamu alivyo. Si tunasema kila mtu hujipenda kwanza? Basi mbona alipoambiwa ajiokoe hakusogea, na alipoambiwa amwokoe mwingine akanyoosha mkono kwenye sabuni?

Jibu limo katika mazoea. Muuguzi aliyegusa wagonjwa kwa miaka kumi bila kuugua sana huanza kuamini kuwa mwili wake umeshazoea vijidudu. Ukimwambia "utaugua", ana ushahidi wa miaka kumi unaokanusha maneno yako, na ushahidi huo anaubeba mwilini mwake. Lakini hawezi kusema hivyo juu ya mama aliyepasuliwa jana na kidonda bado kibichi. Kwa mama huyo hatari iko wazi, haina pa kufichwa. Nafsi ina udhuru wa kila namna ya kujitetea, na udhuru huo haufai kitu anapokuwa mwingine ndiye atakayeumia. Nadhani hiyo ndiyo nguvu kubwa ya kufanya kazi kwa ajili ya mtu mwingine: inakunyang'anya uwezo wa kujidanganya.

Grant alikuwa ameshaiona nguvu hiyo miaka michache nyuma, kwa vijana waliokuwa wakipiga simu kwa wahitimu wa chuo kikuu kuwaomba michango. Ni kazi ya kuvunja moyo. Unapiga, unakatiwa. Unapiga tena, unaambiwa usipige tena. Michango hiyo ilikuwa ikilipia ada za wanafunzi, ila wapiga simu hawakuwahi kumwona hata mmoja wao. Baadhi yao wakakutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo, akawaeleza maisha yake yalivyobadilika. Mwezi mmoja baadaye, muda wanaokaa kwenye simu ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili, na fedha walizokusanya vilevile. Mshahara ulikuwa uleule na maneno ya kuombea mchango yaleyale. Katika jaribio jingine, baadhi ya wapiga simu walipewa wasome habari za wenzao walionufaika binafsi na kazi hiyo, waliopata ujuzi na uzoefu. Hao hawakuongeza chochote. Walioongeza ni waliosoma habari za wanafunzi waliosaidiwa.

Ningeishia hapa, mtu angeondoka akisema: basi, watu wafanye kazi kwa moyo, maslahi ni tamaa. Hapo ndipo ninapopinga, tena kwa nguvu. Mimi ni mtoto wa mwalimu wa shule ya msingi, na kauli niliyoisikia utotoni kuliko zote ni kwamba ualimu ni wito. Kauli yenyewe ni nzuri na mzazi wangu aliiamini. Lakini niligundua kuwa mara nyingi ilitamkwa pale mwalimu anapouliza habari ya nyumba, ya malimbikizo ya mshahara, ya kupandishwa daraja. Neno wito liligeuzwa kufuli la kumfungia mtu mdomo. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, ni kweli kwamba anayetaka kupanda cheo hawezi kuwa na moyo wa kuwatumikia watu?

Zambia ina jibu. Mwaka 2010 serikali ya nchi hiyo ilianzisha kada mpya ya wahudumu wa afya ya jamii, watu wa kuajiriwa kutoka vijijini, kufundishwa mwaka mmoja, kisha kurudi kwao kutembelea kaya nyumba kwa nyumba. Hapo kabla, kazi za namna hiyo zilifanywa zaidi na watu wa kujitolea. Wakubwa waliingiwa na hofu inayoeleweka: tukitangaza ajira yenye maendeleo ya kazi, tutawavuta wenye tamaa ya vyeo, watakaomsahau mama mjamzito wakishapata walichokitaka.

Watafiti Nava Ashraf, Oriana Bandiera, Edward Davenport na Scott Lee wakaipima hofu hiyo wakati ajira zenyewe zikiendelea. Wilaya 48 ziligawanywa. Katika baadhi, mabango ya ajira yaliuliza: unataka kuitumikia jamii yako? Katika nyingine yalisema: pata ujuzi, ukuze kazi yako, na kuonyesha kuwa hii ni hatua ya kwanza tu, mbele kuna uuguzi, utabibu, hata udaktari. Kazi ilikuwa moja, mshahara mmoja, chuo kimoja. Na baada ya kuajiriwa, wote walipewa taarifa zilezile kuhusu nafasi za kupanda. Kwa hiyo tofauti yoyote ingetokana na aina ya mtu aliyevutwa na bango.

Hofu ya wakubwa haikuwa ya bure. Bango la vyeo lilivuta pia baadhi ya watu wasiojali sana jamii. Ila hao walikuwa wenye uwezo mdogo, na hawakupita kwenye mchujo. Wenye uwezo mkubwa waliovutwa na bango hilo walikuwa na moyo wa kujali watu sawasawa na wenzao wa bango la huduma. Na walipoingia kazini walitembelea kaya kwa asilimia 29 zaidi, wakaitisha mikutano ya kijiji mara mbili ya wenzao. Katika maeneo yao, watoto wenye utapiamlo walipungua kwa asilimia 25.

Fikiria hiyo asilimia 25. Ni watoto waliopimwa kwenye mizani na kukutwa na uzito unaofaa, kwa sababu bango lilithubutu kumwambia kijana wa kijijini kwamba naye ana kesho. Bango la huduma lilikuwa na maneno mazuri zaidi masikioni, lakini lilimwacha nje kijana hodari anayejua kuwa ana wazazi wa kuwalea na wadogo wa kuwasomesha. Kwake yeye, kutaka mshahara na kutaka kusaidia watu ni jambo moja. Wahenga wetu waliosema mchumia juani hulia kivulini hawakuwa wakimlaumu mchumaji.

Kuna jaribio jingine la hukohuko Zambia ambalo nalipenda kwa sababu linachanganya mambo zaidi. Jijini Lusaka, wasusi na vinyozi waliombwa kuuza kondomu za kike katika saluni zao, ili kupambana na Virusi vya Ukimwi. Wengine walipewa kamisheni ndogo, wengine kubwa, wengine hawakulipwa kitu. Kundi la nne, la mwisho, lilipewa bango la kutundika ukutani, na kwa kila mauzo wanabandikiwa nyota, wateja wote wanaona. Waliouza zaidi ni wa nyota, takriban mara mbili ya makundi mengine. Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa walisifiwa na wakazidisha kazi. Sasa nyota ile ni ya nani? Ni sifa ya msusi mbele ya wateja wake, hilo ni lake. Lakini ni sifa ya kuokoa maisha ya watu wa mtaa wake. Sidhani kama msusi mwenyewe angeweza kukata katikati na kusema hapa ndipo ubinafsi ulipoishia.

Nikiri kwamba ushahidi hauelekei upande mmoja. Utafiti uliofuatilia wanafunzi zaidi ya 10,000 wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, uliochapishwa mwaka 2014, uligundua kuwa waliojiunga kwa sababu ya kuupenda uongozi wenyewe walifanikiwa kuliko waliokuwa na sababu hiyo pamoja na hamu kubwa ya faida za baadaye, kama kazi nzuri na kipato. Kwa hiyo faida ikishika nafasi kubwa mno moyoni, inaweza kulififisha lile lengo la kwanza. Mimi naona hili linahusu kile anachokikumbatia mtu kila asubuhi anapoamka. Bango la Zambia lilihusu nani afunguliwe mlango. Kumwonyesha mtu njia ya kupanda si sawa na kumfundisha aitazame hiyo tu.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili liko mezani sasa hivi. Kenya kwa miaka mingi ilitegemea maelfu ya watu, wengi wao wanawake, waliozunguka vijijini na mitaani kupima watoto na kuwafuata wagonjwa wa kifua kikuu, wakiitwa rasmi wahudumu wa kujitolea. Posho ilitegemea kaunti, na mara nyingi haikuwepo. Septemba 2023 zaidi ya 100,000 walizinduliwa upya wakiwa na mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Jina nalo likabadilishwa, neno "kujitolea" likaondolewa. Milango wanayobisha ni ileile, na mama anayewafungulia bado anawaita kwa majina yao.