Kanoni ya kupindua si kuimba kinyumenyume

Juzi nimesikia tena kanoni ya kupindua ikichanganywa na kuimba kinyumenyume. Mwalimu wa kwaya, mwenye sikio kali kuliko langu, aliwaambia waimbaji wake kwamba sasa wanaimba "kanoni ya kugeuza", kisha akawaagiza sauti ya pili waanzie noti ya mwisho warudi mpaka ya kwanza. Waliimba, na ilipendeza. Lakini jina halikuwa lake; hilo ni la kanoni ya kupindua.

Maana yenyewe haina urefu. Kanoni ni utunzi ambamo sauti moja, kiongozi, huanza na tuni, na sauti nyingine, mfuasi, huingia baadaye kidogo na tuni ileile huku kiongozi akiendelea. Ikiwa ni kanoni ya kupindua, mfuasi hushika mpangilio uleule wa noti na muda uleule wa kila noti, ila pale kiongozi alipopanda hatua mbili yeye hushuka mbili, na aliposhuka tatu yeye hupanda tatu. Ni kama mti uliosimama kando ya maji yaliyotulia: kivuli chake majini kina shina palepale na matawi yaleyale, kilele tu ndicho kinachotazama chini.

Neno kanoni lina hadithi nzuri zaidi kuliko maana yake. Kwa Kigiriki kanōn lilikuwa fimbo iliyonyooka, rula ya fundi, na kutoka hapo likawa kipimo, halafu sheria. Waarabu wakalichukua wakasema qanun, nasi tukalipata kama kanuni. Kwa hiyo kanoni na kanuni ni ndugu wa tumbo moja, mmoja amepitia Ulaya na mwingine Arabuni. Tena kuna ndugu wa tatu: ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani katika taarab, ambayo jina lake linatokana na neno hilohilo. Wagiriki waliita kanōn pia chombo cha uzi mmoja walichotumia kupimia umbali wa sauti.

Sasa, watunzi wa Ulaya wa karne ya 15 hawakuuita wimbo wenyewe kanoni. Wimbo wa sauti kufuatana waliuita fuga, neno la Kilatini lenye maana ya kukimbia. Kanoni ilikuwa ni maelekezo yaliyoandikwa juu ya noti. Mtunzi aliandika sauti moja tu, akaongeza sentensi fupi, mara nyingi ya mafumbo, na mwimbaji akalazimika kuing'amua ili apate sauti ya pili. Johannes Tinctoris, aliyeandika kamusi ya istilahi za muziki katika karne hiyo, alieleza kanoni kuwa ni kanuni inayoonyesha nia ya mtunzi chini ya giza fulani. Giza, ndiyo. Walipenda kutegeana vitendawili. Ni baadaye tu ndipo jina la maelekezo likauhamia wimbo.

Ndiyo maana kosa la yule mwalimu linanikera kuliko linavyostahili. Kama kanoni ni kanuni, basi kazi yote iko katika kujua kanuni ipi. "Anza mwisho urudi" ni kanuni moja. "Pindua juu iwe chini" ni nyingine kabisa. Mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach aliziweka zote mbili katika mkusanyo mmoja wa mwaka 1747, aliomtolea Mfalme Friedrich II wa Prussia. Ile ya kurudi nyuma, ambayo wanamuziki huiita kanoni ya kaa, ina alama ya ufunguo (ile inayoonyesha kila mstari ni wa noti ipi) iliyochorwa mwishoni ikitazama nyuma. (Kaa, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kumfukuza, hukimbia upande, si nyuma. Lakini jina limeshakaa.) Mojawapo ya zile za kupindua ni ya sauti mbili, na ufunguo wake wa pili umechorwa miguu juu. Juu yake pameandikwa kwa Kilatini: tafuteni, nanyi mtaona. Hakuonyesha hata mfuasi aingie lini.

Mimi nakilaumu kitenzi chetu kugeuza. Gari likigeuzwa hurudi lilikotoka; nguo ikigeuzwa, ndani huwa nje; mtu akigeuka hukupa kisogo. Neno lenye kazi zote hizo haliwezi kubeba istilahi bila kuyumba. Kupindua ni salama zaidi: kikombe kilichopinduliwa bado kiko pale mezani, mdomo tu umeelekea chini.

Kuna kosa la pili, na hili huwapata hata wanaojua la kwanza. Wakisikia "kinyume" hudhani sauti mbili lazima zipishane papo hapo, moja ikipanda nyingine ishuke. La. Mfuasi anapindua alichoimba kiongozi muda uliopita, si anachoimba sasa. Chukua tuni hii ya vipimo viwili, yaani mafungu mawili ya noti nne nne: do re mi do, halafu ti la sol ti, za chini ya ile do. Weka kioo kwenye mi, yaani iwe noti isiyosogea ambayo nyingine zinapinduliwa kuizunguka, ili do iwe sol, re iwe fa, la iwe ti, na mi ibaki mi. Mfuasi anaingia kipimo cha pili kwa sauti ya chini: sol fa mi sol, kisha la ti do la. Kiongozi akifika mwisho anaanza upya, na mfuasi vivyo hivyo, bila kikomo. Jaribuni. Sauti zote mbili zitapanda pamoja na kushuka pamoja, zikiachana theluthi tupu (umbali wa noti tatu, kama do hadi mi) mwanzo hadi mwisho, na bado kila noti ya mfuasi ni pinduo halali. Si utunzi wa kujivunia, nakiri, maana theluthi mfululizo huchosha, lakini unathibitisha hoja.

Kuutunga si uchawi. Unaandika kipimo kimoja, unakipindua, unampa mfuasi, halafu unamwandikia kiongozi kipimo kinachopatana na hicho kilichopinduliwa. Nacho unakipindua, unaendelea. Uamuzi mgumu ni mahali pa kuweka kioo. Kwenye mi, kodi (noti zinazolia pamoja) ya do mi sol inarudi kuwa sol mi do, ileile, ila hatua hazilingani sawasawa: re hadi mi ni toni nzima, fa hadi mi ni nusu. Kwenye re kila nusu toni inapata mwenzake wa nusu, lakini do mi sol inakuwa mi do la, meja imegeuka maina, yaani kodi angavu imekuwa ya huzuni. Sikio lako ndilo litakaloamua.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, wimbo ule wa juzi endelea kuuimbisha, ila uite kanoni ya kaa. Na siku ukitaka ya kupindua, sauti ya pili waanzie noti ya kwanza kama wenzao, wakichelewa kipimo kimoja na kushuka pale wenzao walipopanda.