Ushuru wa wiski wa 1791 na haki ya kuwasema wakubwa

Kila ninapofundisha uasi wa wiski wa Pennsylvania, wanafunzi hukimbilia kwenye bunduki na nyumba zilizochomwa. Mimi huwarudisha kwenye makaratasi: maazimio ya mikutano, barua za magazetini, hotuba za bungeni. Humo ndimo lilimo swali ninaloliona zito kuliko ushuru wenyewe. Mwananchi anayemsema ofisa wa serikali hadharani, anageuka mwasi wakati gani?

Machi 1791 Bunge la Marekani lilipitisha ushuru wa pombe kali zinazopikwa nchini. Wazo lilikuwa la Waziri wa Fedha, Alexander Hamilton, aliyekuwa akitafuta pesa za kulipa madeni ya vita vya uhuru. Kwa wakulima walioishi ng'ambo ya milima ya Allegheny, wiski ndiyo iliyokuwa njia ya kufikisha mavuno sokoni. Mzigo wa farasi mmoja ukiwa nafaka haukulipa gharama ya kuvuka milima, lakini nafaka ikishapikwa kuwa wiski, farasi yuleyule alibeba thamani mara kadhaa. Ushuru ulidaiwa kwa pesa taslimu, ambazo hawakuwa nazo. Na aliyeshtakiwa kwa kukwepa alitakiwa afike mahakama ya Philadelphia, zaidi ya kilomita 400 kutoka kwake.

Hayo yalikuwa malalamiko dhidi ya sheria. Makali zaidi yalikuwa ya kumlenga mtu: John Neville, mkaguzi wa ushuru wa eneo hilo. Alikuwa tajiri mwenye ardhi kubwa, mpikaji mkubwa wa wiski, na mwanzoni mwenyewe alipinga ushuru wa aina hii. Kisha akakubali cheo cha kuukusanya. Majirani walisema amenunuliwa. Sheria yenyewe iliwazidishia hasira, kwa kuwa ilimpa nafuu mwenye mtambo mkubwa kuliko mkulima mdogo. Mimi naona lawama hiyo ilikuwa ya haki kabisa. Ofisa anayenufaika na sheria anayoisimamia lazima aulizwe.

Agosti 1792 wajumbe walikutana Pittsburgh, na karani wao alikuwa Albert Gallatin, mhamiaji kutoka Geneva. Waliandika ombi kwa Bunge, jambo ambalo katiba ililiruhusu waziwazi. Lakini waliazimia pia kuwatenga wakusanya ushuru: wasisaidiwe, wasishirikishwe, wadharauliwe. Ukiifikiria nchi ile ya mpakani, ambako mtu alimtegemea jirani kwa karibu kila kitu, kutengwa kulikuwa adhabu nzito. Hamilton alitaka wahusika washtakiwe. Mwanasheria Mkuu, Edmund Randolph, aliupima ushahidi akaona hautoshi kufungua kesi, na naamini alipima sawasawa. Gallatin mwenyewe baadaye aliliita azimio hilo dhambi yake pekee ya kisiasa.

Yaliyofuata hayana utetezi. Tangu 1791 mkusanya ushuru Robert Johnson alikuwa amekwisha kuvuliwa nguo, kupakwa lami na kubandikwa manyoya. Julai 1794 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Neville, Bower Hill, wakaichoma. Walikufa watu, akiwemo kiongozi wa wavamizi, James McFarlane. George Washington akakusanya wanamgambo karibu 13,000. Jeshi lilipofika halikukuta wa kupigana naye. Waliohukumiwa kwa uhaini walikuwa wawili tu, na Rais aliwasamehe.

Kwangu mimi, kiini cha habari kipo baada ya hapo. Novemba 19, 1794 Washington alihutubia Bunge na kuvitupia sehemu ya lawama "vyama fulani vilivyojiunda vyenyewe". Wote walielewa kwamba alivikusudia vyama vya kidemokrasia, vilivyokuwa vikikosoa sera za serikali yake. Hapo Rais alikosea. Chama cha Philadelphia kilikuwa kimeupinga ushuru, na kilikuwa kimelaani vurugu vilevile. Kukiweka kundi moja na waliochoma Bower Hill kulikuwa kuwafunga midomo watu waliofuata njia halali.

Seneti ilimuunga mkono. Katika Baraza la Wawakilishi mjadala ulichukua siku kadhaa, na James Madison akasimama kusema kwamba katika serikali ya jamhuri, mamlaka ya kukemea ni ya wananchi juu ya serikali, si ya serikali juu ya wananchi. Jibu la Baraza kwa Rais halikuyarudia maneno yake kuhusu vyama. Lilitaja tu watu na makundi waliochangia ghasia.

Ushindi huo haukudumu. Mwaka 1798 Bunge lilipitisha Sheria ya Uchochezi, na kuiandika serikali vibaya kukawa kosa la jinai. Mbunge Matthew Lyon wa Vermont alifungwa miezi minne kwa kumshambulia Rais John Adams katika maandishi. Wapiga kura wake walimchagua tena akiwa bado gerezani.