Sabuni ya mapambo: anza na manukato, rangi zitafuata

Wengi wanaonijia kujifunza sabuni ya baridi huja na picha kwenye simu: kipande chenye mawimbi ya rangi tatu na maua juu yake. Swali lao la kwanza ni wapi Kariakoo wanauza rangi. Mimi huwauliza: itanukia nini? Kwenye sabuni isiyopikwa, chupa ya manukato ndiyo inayoamua utakuwa na muda gani wa kuchora mawimbi hayo, na wakati mwingine hata rangi itakayotokea.

Sabuni ya baridi ni mafuta yanayokutana na maji ya kostiki soda, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Kemikali zinafanya kazi zenyewe na kutoa joto lake. Wewe unakoroga tu mpaka mchanganyiko uwe uji mwepesi, yaani ukidondosha tone juu yake liache alama kidogo kabla ya kuzama. Mapambo yote yanafanyika hapo. Ukichelewa, uji unakuwa mzito, rangi hazitembei tena, na ndani ya sabuni yanabaki matundu ya hewa.

Sasa chukua karafuu. Sisi watu wa Pwani tunaipenda, Unguja na Pemba zimejengeka juu yake, na kila mteja anaitaja. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni eugenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, nayo hushikana haraka na kostiki. Ukiyamimina kwa wingi, uji unaweza kuganda bakulini ukiwa bado umeshika mwiko. Mdalasini una tabia hiyohiyo. Kwa hiyo anayetaka karafuu namshauri atumie rangi moja, amimine haraka kwenye kalibu, na pambo liwe muhuri wa kugonga juu baada ya kukata. Inapendeza kweli, na harufu yake haina mshindani. Kwa kilo moja ya mafuta sizidishi gramu 5 za mafuta ya karafuu, maana yakizidi huwasha ngozi.

Mchaichai ni rafiki wa mchoraji. Haukimbizi uji, na harufu yake inadumu kuliko ya chungwa au ndimu, ambazo hupotea sabuni ikiwa bado inakauka. Mimi huuchanganya na langilangi, ua la manukato: gramu 15 za mafuta ya mchaichai na 7 za mafuta ya langilangi kwa kilo ya mafuta ya sabuni. Vanila nayo ina sharti lake: vanilini, kemikali inayoipa harufu yake, hugeuza sabuni kuwa kahawia, taratibu, hata wiki kadhaa baada ya kukata. Ukiota sabuni nyeupe ya vanila utaumia moyo. Panga kahawia hiyo tangu mwanzo, uweke tabaka la vanila chini na tabaka jeupe lisilo na manukato juu, ukijua mpaka kati yao nao utafifia polepole.

Na asumini? Naulizwa kila sherehe ya sendofu inapokaribia, kwa sababu harufu ya kikuba, kile kifungu cha asumini wanachojipamba nacho wanawake, haisahauliki. Lakini petali za asumini au waridi ukizichanganya ndani, kostiki inazichoma zinakuwa kahawia, na harufu ya ua bichi haibaki. Ukitaka maua, yakaushe vizuri uyaweke juu tu, machache, ukikubali kwamba hata hayo yanaweza kubadilika rangi.

Mapishi ninayoanza nayo na wanafunzi, kwa kilo moja ya mafuta: nazi gramu 350, mawese yaliyosafishwa 400, alizeti 200, nyonyo 50. Kostiki soda gramu 146, maji 292. Hapo asilimia 5 ya mafuta inabaki bila kugeuka sabuni, na ndiyo inayoifanya isikaushe ngozi. Pima kila kitu kwa mizani ya dijitali, hata maji, vikombe havifai. Usibadilishe mafuta bila kupiga hesabu upya: kilo ya nazi inahitaji takriban gramu 183 za kostiki, ya alizeti 135 tu. Ukiweka alizeti mahali pa nazi na kostiki ukaiacha ileile, umetengeneza kitu cha kuunguza watu.

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini, na kostiki inaila alumini huku ikitoa haidrojeni, hewa inayoshika moto. Tumia chuma kisichoshika kutu au ndoo nene ya plastiki. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto wawe mbali. Ikikurukia, suuza kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu. Siki usiipake kwenye ngozi.

Mafunzo mengi ya mtandaoni yametoka nchi za baridi, na joto la Dar linayakataa. Wanasema funika kalibu kwa blanketi. Hapa, hasa Desemba hadi Machi, blanketi litaipasua sabuni katikati. Mimi naiacha wazi chini ya feni. Mafuta ya nazi kwetu hayahitaji jiko siku nyingi za mwaka, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 24 au 25. Kinachochukua muda ni maji ya kostiki kupoa: weka chombo chake kwenye beseni la maji baridi, subiri yashuke karibu nyuzi 35, mafuta yakiwa joto hilohilo.

Rangi zenyewe hazina ugumu. Manjano hutoa rangi ya dhahabu, ingawa jua huififisha. Mkaa uliosagwa laini sana hutoa nyeusi safi. Kaolini, udongo mweupe ambao vilima vya Pugu vinajulikana nao, huifanya sabuni itulie mkononi. Koroga kila rangi kwanza na mafuta kidogo isiache chengachenga, gawa uji, mimina kwa zamu, kisha pitisha kijiti cha mshikaki mara chache. Mkono ukizidi, rangi zote zinakuwa moja.

Kata baada ya siku moja au mbili, panga vipande kwenye shelfu vikiwa na nafasi, mbali na jua, wiki 4 hadi 6. Masika ongeza muda. Gliserini iliyomo huvuta unyevu wa hewa, hivyo ukiona matone juu ya sabuni usidhani imeharibika, washa feni. Vidoa vya rangi ya chungwa ni jambo jingine, hayo ni mafuta yanayochacha, na ndiyo sababu alizeti naiweka kidogo. Usifunge kwa nailoni. Karatasi inatosha, na anayetaka kuuza aorodheshe kila kilichomo, kisha aende TBS, Shirika la Viwango Tanzania, mapema, kwa sababu tangu 2019 vipodozi viko chini yao.