Je, wajua kwa nini kilo ulizopunguza hurudi?

Bibi harusi anajibana miezi mitatu. Anaacha wali wa usiku, anaacha soda, anakunywa maji ya ndimu kila asubuhi kama dozi. Siku ya siku gauni linamkaa na picha zinapendeza. Mwaka haujaisha, zipu ya gauni lile lile inagoma katikati ya mgongo. Majirani wana jibu lao: amebweteka, ndoa imemkubali. Mwili wake una jibu jingine kabisa.

Mwili haujui harusi. Ukipewa chakula pungufu wiki baada ya wiki, unaelewa jambo moja tu, kwamba huko nje kuna njaa. Tena una namna ya kujua ghala limebaki na kiasi gani. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kuipata jeni ya homoni ambayo mafuta ya mwilini yenyewe huitengeneza. Homoni hiyo ikaja kuitwa leptini. Ndiyo karani wa ghala: mafuta yakiwa tele, inapeleka habari ubongoni kwamba mambo shwari, yakipungua, habari zinakuwa haba, na ubongo unachukua hatua mbili kwa mpigo. Unapandisha njaa, na unabana matumizi. Chembe za mafuta nazo haziondoki kwa kukonda. Zinasinyaa tu, zikingoja kujazwa.

Ukali wa kubana huko ulionekana kwa washiriki wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser, ambamo watu wanene walikuwa wakishindana kupungua kwa mazoezi makali na chakula kidogo. Mtafiti Kevin Hall, wakati huo wa Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo, aliwafuatilia washiriki 14 kwa miaka sita, akachapisha matokeo mwaka 2016. Kwa wastani walikuwa wamepungua kilo 58. Miaka sita baadaye, kilo 41 zilikuwa zimerudi. Kilichowashtua wengi si hizo kilo. Miili yao, hata ikiwa imepumzika tu, ilikuwa inatumia takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Miaka sita, na mwili bado haujaamini kwamba njaa imekwisha!

Hall na wenzake walikadiria pia upande wa hamu. Kwa kila kilo moja inayotoka, matumizi ya mwili hushuka kwa kalori 20 hadi 30 kwa siku, lakini hamu ya kula hupanda kwa karibu kalori 100. Piga hesabu ya kilo 5 tu: hamu inakuvuta kuelekea kalori 500 za ziada kila siku, sawa na kunywa vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya kupikia. Kwa hiyo anayenenepa tena si lazima awe mlafi. Anasukumwa na njaa ya kweli.

Sasa mazoezi. Hapa ndipo wengi tunapochanganya mambo, na anayetufumbua macho ni Mhadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu ambayo miili ya Wahadzabe hutumia kwa siku. Wanaume walikuwa wakitembea karibu kilomita 11 kila siku wakiwinda na kurina asali, wanawake karibu kilomita 6 wakichimba mizizi na kuchuma matunda. Ungetarajia wateketeze kalori nyingi mno. Wapi! Ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi yao yalilingana na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda kwenye viti. Inaelekea mwili unaofanya kazi sana hubana matumizi kwingineko. Ndiyo maana mtu anakimbia mwezi mzima, kisha mizani inamcheka.

Je, viatu vya mazoezi tuvitupe? Hapana. Hall alipowaangalia tena washiriki wale, aliona kwamba waliofaulu kuutunza uzito walikuwa wameongeza shughuli za mwili kwa asilimia 160, ilhali waliorudia unene waliongeza kwa asilimia 34 tu. Katika ulaji hawakupishana sana. Ninavyoona mimi, mambo haya mawili hayagombani: zoezi ni fundi dhaifu wa kupunguza, lakini ni mlinzi hodari wa kilichokwisha kupungua. Mwili umebana kalori, wewe unazifidia kwa miguu. Ukiongeza na mazoezi ya nguvu, kama kuchuchumaa na kuinuka au pushapu, unalinda misuli, maana anayepungua kwa kujinyima tu hupoteza misuli pamoja na mafuta.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho kidogo. Kwa anayelinda kilo zisirudi, lenga kule juu. Marekani kuna daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzizuia zisirudi kwa mwaka mmoja au zaidi, lililoanzishwa mwaka 1994 na watafiti Rena Wing na James Hill. Walipungua kwa njia tofauti kabisa, lakini wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kila siku, hasa kutembea, na hupanda kwenye mizani walau mara moja kwa wiki.

Jikoni, huwa tunauonea ugali. Mkosaji mara nyingi ni kinachouzunguka. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu vya sukari kila kimoja ni karibu kalori 140, na hakuna aliyewahi kushiba chai. Mchicha uliokaangwa kwa kijiko kikubwa cha mafuta umeshabeba kalori 120 kabla hujauhesabu mchicha wenyewe. Punguza hapo kwanza. Kisha jaza nusu ya sahani mboga, weka maharage, dengu, dagaa au samaki, na ugali ukubwa wa ngumi. Nyuzinyuzi na protini hukaa tumboni muda mrefu, na hicho ndicho unachokihitaji ukiwa na njaa iliyopandishwa.

Ukijipima, jipime siku ile ile ya kila wiki, asubuhi, kabla ya chai. Kilo moja kupanda na kushuka ni maji na chumvi ya jana. Kilo mbili zikikaa wiki mbili, hizo zimerudi. Anza tena kuhesabu vijiko vya sukari na mafuta siku hiyo hiyo. Na shangazi akikuuliza, "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?", mwambie u mzima wa afya, umshukuru, halafu mmegee nusu ya ile chapati ya pili aliyokuwekea.